Nyumba Tuliyoirudisha

Mwezi uliopita tulimzika Bibi Zaituna, na siku ya tatu ya matanga nilikuwa jikoni kwake nikisugua sufuria kubwa ya pilau kwa majivu niliposikia wanawe wawili wakiongea nje ya dirisha. Mkubwa ni Rukia, aliyekuja kutoka Kigoma; mdogo ni Mwajuma, anayekaa Bujumbura. Mwajuma alikuwa anauliza nani atahamisha vitu vya mama, maana nyumba wameamua kumpa binamu yao aliyeoa juzi, na yeye likizo yake inaisha. Rukia akasema, "Tumuulize yaya Faida. Hii nyumba alishaihamisha mara moja." Yaya ni dada mkubwa, na Rukia huniita hivyo ingawa hatukuzaliwa tumbo moja. Niliendelea kusugua sufuria yangu huku nikicheka kimoyomoyo. Ni kweli, niliihamisha mara moja, nilipokuwa na miaka ishirini na mmoja. Kazi ambayo baadaye watu waliimaliza kwa siku moja, mimi niliifanya peke yangu kwa miezi mitano, na katika miezi hiyo mitano sikutoa hata kiti kimoja nje ya mlango.

Leo nina atelie yangu, karakana ya mbao, hapa Nyamianda mjini Uvira, nina mafundi wanne, na mtu akitaka mlango utakaomzika yeye na kuwazika wajukuu wake anaelekezwa kwa Fundi Faida. Wateja wakiniuliza kazi nilijifunzia kwa nani, najibu kwa baba yangu. Ni kweli, baba ndiye aliyenifundisha kushika randa. Lakini kuwa mtu wa kufanya kazi na watu, hilo nilifundishwa baada ya yeye kufa, na aliyenifundisha hakujua hata msumari unapigwa upande gani.

Nyumba yenyewe ni ya matofali ya kuchoma, vyumba vitatu, sebule, na stoo ndogo iliyoshikana na jiko. Ukisimama nyuma ya parsele, yaani kiwanja chake, unaliona ziwa lote na milima ya Burundi ng'ambo. Mwenyewe alikuwa mume wa Bibi Zaituna, mfanyabiashara wa vitenge na chumvi, mtu wa zile familia za Waislamu waliokaa kando ya ziwa tangu zamani za mababu. Vita ilipowasukuma kuvuka kwenda Kigoma, alimwita baba, ambaye alikuwa fundi wake wa mbao, akamwekea funguo tatu mkononi na kumwambia, "Hii ni amana. Kaa ndani, itunze, siku tukirudi utanirudishia." Baba alikaa ndani miaka kumi na moja. Mama yangu hakuupenda mji hata siku moja. Alikuwa Mutarule, kwenye mashamba yake ya mpunga, na mimi nilibaki na baba kwa sababu ya shule, kisha kwa sababu ya kazi. Mvua za kwanza za mwaka ule zilimkuta baba na homa. Siku tisa tu, akafa. Tulimzika Mutarule, mama akaniambia nibaki naye, nikamwambia nyumba haiwezi kulala bila mtu. Kesho yake nilipanda gari la mihogo nikarudi Uvira.

Sitasahau hali ya vyumba vile. Sebule ndiyo ilikuwa atelie ya baba. Katikati ilisimama meza yake ya kazi, urefu wake ni kama kitanda na nusu, unene wa ubao wake ni kiganja kizima. Aliitengenezea humohumo ndani, na haikuwahi kuona jua. Kwenye kuta kuliegeshwa mbao, za libuyu, mti mgumu wa msituni, mbele na za mkaratusi nyuma, mpaka dirisha moja halikufunguka tena. Chumba cha pili kilijaa kazi za watu ambazo hazikumalizika: kitanda cha mwalimu mmoja aliyekimbia akawa hajulikani alipo, kabati la kanisa lisilo na milango, na miguu ya viti, miguu mingi, hakuna minne iliyofanana. Chumba cha tatu kilikuwa na makopo ya maziwa ya unga yaliyojaa misumari iliyopinda. Baba hakutupa msumari. Jioni za mvua alikuwa anakaa chini na nyundo, akiinyoosha mmoja mmoja, akiongea na redio. Mimi nililala chumba kikubwa, kitanda changu kikiwa kisiwa katikati ya mbao. Sikuona kwamba ni vitu vingi. Niliona kwamba baba yupo.

Bibi Zaituna alifika mwezi wa kwanza, bila kutuma habari, na sanduku moja na godoro lililokunjwa. Nilikuwa barazani nikipiga msasa. Alikuwa mwanamke mfupi, amejitanda mtandio mweusi, anatembea kama mtu anayejua anapokwenda, na kwa kweli alijua kuliko mimi.

"Weye ni Faida," alisema, kwa Kiswahili cha kwetu ambamo wewe ni weye na mimi ni minye. "Nilikuacha mutoto wa shule ya musingi."

"Ndiyo, Bibi."

"Habari ya baba yako nimeipata nikiwa kwenye boti. Pole, mwanangu. Baba yako alikuwa muntu. Na minye bwanangu tulimzika Kigoma mwaka jana. Nimemaliza eda, nikasema nirudi kwangu."

Alipita ndani. Nilimfuata. Alizunguka sebule akigusa mbao kwa kidole, akafungua chumba cha pili, akafunga, akafungua cha tatu, akafunga. Kisha akaniuliza swali ambalo mpaka leo nikilikumbuka masikio yanawaka moto.

"Nitalala wapi?"

Mwenye nyumba ananiuliza mimi atalala wapi. Nilimwonyesha stoo, pale baba alipoweka gundi na vanishi, kwa sababu ndiyo peke yake iliyokuwa na sakafu inayoonekana. Nikamwambia, "Unipe wiki mbili, Bibi. Nitatoa kila kitu."

"Peke yako?"

"Peke yangu. Vyombo vya baba vinanijua minye tu."

"Haya," alisema, akainama kuanza kutoa makopo ya vanishi.

Wiki mbili zilipita, na mwezi, na mwezi mwingine. Sikuwa mvivu, na watu walionifahamu wangeshuhudia. Kila Jumamosi nilijifunga kitenge kiunoni, nikaingia chumba cha pili na nia kamili. Nilishika mguu wa kiti, nikaugeuza, nikaona alama ya penseli ya baba, nikasema huu utapata wenzake siku moja. Nikauweka upande mwingine wa chumba. Kufikia saa sita mchana nilikuwa nimehamisha vitu vyote kutoka ukuta mmoja kwenda ukuta wa pili, jasho linanitoka, na chumba kimejaa kama asubuhi. Fundi Elia, rafiki wa baba aliyekuwa na atelie karibu na soko, alikuja mara mbili na mkokoteni. Mara ya kwanza nilimwambia bado napanga. Mara ya pili nilimwambia vyombo vya baba haviguswi na mtu. Alivaa kofia yake akaondoka, na mimi niliona nimeshinda.

Na chakula vilevile. Bibi Zaituna alipika kila mchana, wali wa nazi aliyokuja nayo kutoka Kigoma, au ugali na ndakala, dagaa wa ziwa letu, wenye pilipili, harufu ikaingia katikati ya mbao zote zile ikanikuta nilipo. Alileta sahani, akaifunika kwa sahani nyingine, akaiweka juu ya meza ya baba. Nilisema, "Aksanti Bibi, nimeshakula." Nilikuwa nimekula muhogo mmoja wa kuchoma tangu asubuhi. Jioni nilirudisha sahani kama ilivyokuja. Siku ya nne au ya tano aliipokea, akainua kifuniko, akaangalia.

"Sahani kurudi imejaa ni tusi," alisema, kwa sauti ya kawaida kabisa. "Nitakusamehe mpaka Ijumaa."

Ijumaa nilikula nusu. Sikumwambia kwamba ile nusu nyingine ilinishinda kwa machozi, maana baba alipenda ndakala wake hivyohivyo, wakavu, na pilipili nyingi.

Kwenye bomba la maji watu walikuwa wanasema. Nilifika siku moja na ndoo yangu, nikiwa nyuma ya ukuta, nikamsikia mama mmoja akiwaambia wenzake, "Mwenye nyumba analala stoo, mulinzi analala chumba kikubwa. Ile ni dunia gani?" Mwingine akajibu, "Iko ni mashetani ya yule fundi. Mutoto amefungwa." Wakacheka. Nilipojitokeza wakanipisha nichote kwanza, na kule kupishwa ndiko kulikoniuma zaidi. Wiki ileile alikuja shemeji ya Bibi, ndugu wa marehemu mume wake, pamoja na mkubwa wa avenyu, kiongozi wa mtaa wetu. Waliketi barazani, mimi nikiwa ndani nyuma ya dirisha lisilofunguka. Shemeji alikuwa anasema kwa nguvu kwamba amri itolewe, vitu vitolewe barabarani leo hii, na kama msichana hataki basi polisi wapo. Mkubwa wa avenyu alikohoa tu. Nilisimama na nyundo mkononi, sijui nilidhani nitaipiga nini.

"Shemeji," nikamsikia Bibi Zaituna, "kunywa chai yako. Huyu mutoto amefiwa na baba juzi tu. Minye nimefiwa na bwana mwaka jana. Nguo za bwana yangu ziko kwenye sanduku, sijazifungua. Nitamfukuza muntu kwa kitu ambacho minye mwenyewe imenishinda?"

Shemeji alisema nyumba itamwozea.

"Ikioza, itaozea mwenyewe," alijibu. "Sukari imetosha?"

Ningependa kuandika kwamba nilitoka nikamshukuru. Sikutoka. Niliona haya, na haya ikageuka kuwa ukaidi. Nilijiambia sasa nitamwonyesha kwamba naweza. Jumatatu yake nilianza na rundo kubwa la sebuleni, mbao kwa mbao, kuzisogeza ili nifike dirishani. Za libuyu zilikuwa nzima. Nilipofika zile za mkaratusi nyuma, ubao wa kwanza niliouinua ulikuwa mwepesi kama boksi tupu. Niliugonga kwa kidole, kidole kikaingia. Ndani hakukuwa na mbao tena, kulikuwa na udongo na mchwa, weupe, maelfu, wakikimbia mwanga. Nikausogeza mwingine, hali ni ileile. Kisha nikaona ukutani njia zao za udongo, nene kama kamba, zimepanda kutoka sakafuni mpaka juu na kuingia kwenye boriti za paa.

Nilikuwa mtoto wa fundi. Nilielewa mara moja. Mbao zingetolewa mwezi wa kwanza, mchwa wasingefika juu. Nyumba aliyoachiwa baba, akailinda miaka kumi na moja, mimi nilikuwa nimeilisha mchwa kwa muda wa miezi michache. Nilirudisha mbao za libuyu mbele kama zilivyokuwa. Nilificha. Kila Ijumaa, Bibi alipokwenda msikitini, nilipanda ngazi na kopo la mafuta machafu ya injini niliyoomba kwa mafundi wa magari, nikapaka boriti, nikabomoa zile njia za udongo kwa patasi, nikafagia, nikafungua mlango harufu itoke. Wiki iliyofuata njia zilikuwa zimejengwa upya. Nilifanya hivyo miezi miwili. Nilikonda. Mama alituma ujumbe kutoka Mutarule kuuliza kama naumwa, nikamjibu niko salama kabisa.

Mwisho wa mwezi wa tano upepo wa ziwa ulipiga siku nzima, na boriti ya baraza ikashuka kiganja kimoja. Haikuanguka, iliinama tu, mabati yakalia. Nilikuwa nimesimama chini yake. Niliitazama, nikajua kwamba boriti inayofuata kwa safu ni ile iliyo juu ya stoo, juu ya kichwa cha yule mwanamke. Nilikwenda moja kwa moja jikoni. Alikuwa amekaa kwenye kigoda, anachagua mawe kwenye mchele.

"Bibi, iko kitu."

"Iko kitu gani?"

"Mchwa. Walianzia kwenye mbao za baba. Wako kwenye paa sasa. Paa lote."

"Toka lini?"

"Minye nilijua toka miezi miwili."

Aliendelea kuchagua mchele. Jiwe moja, akalitupa. La pili.

"Minye najua toka nyumba yangu ianze kunuka garaji," alisema. "Na mchana nikijilaza nawasikia. Wako wanatafuna juu yangu, kr, kr, kr."

"Sasa kwa nini hukusema?"

"Nyumba ni yangu. Lakini ile siri ilikuwa ya kwako. Nilingoja weye useme." Aliweka ungo chini. "Sasa umesema. Unataka nini?"

Nilisema sijui.

"Unajua."

Ninawaambia mafundi wangu kwamba neno gumu kuliko yote niliyowahi kutoa kinywani lilikuwa na herufi tatu, wanadhani natania.

"Ita," nikasema. "Ita watu."

"Watu wa kwangu ama wa kwako?"

"Wote."

Walikuja siku ya Jumamosi. Mama yangu alifika juu ya pikapu ya mpunga pamoja na wanawake sita wa kwaya yao ya Mutarule. Kutoka msikitini walikuja wanawake kama kumi na sufuria zao, na vijana wa kubeba. Fundi Elia alikuja na mkokoteni uleule, na kofia ileile, akanisalimu kama hakuna lililowahi kutokea. Mama na Bibi Zaituna walikuwa hawajaonana tangu kabla ya vita. Walishikana mikono, wakaulizana habari za waume zao waliokufa, kifupi tu, kama watu wanaoulizana habari za mvua, kisha Bibi akasema, "Tuanzie wapi?" na mama akasema, "Kwenye mulango."

Mlangoni nilikuwa nimesimama mimi. Nilikuwa nimejiweka pale kama afisa wa mpaka wa Kavimvira, tunapovukia kwenda Burundi, nataka kukagua kila kinachotoka. Mwanamke wa kwanza wa kwaya alitoka na fungu la miguu ya viti kichwani, nikamsimamisha, nikaanza kuchambua. Nyuma yake foleni ikasimama mpaka sebuleni. Mama alikuja, hakupandisha sauti.

"Faida. Ama ubebe, ama upishe."

Nilibeba. Na mara nilipoanza kubeba, mikono ikiwa imejaa, sikuweza tena kukagua kitu. Vitu vilipita. Kabati la kanisa lilipandishwa kwenye pikapu bila milango yake, wanakwaya wakisema milango Mungu ataleta. Kitanda cha mwalimu kilimaliziwa na Fundi Elia palepale uani, kikapelekwa kwa mama mmoja wa avenyu yetu aliyekuwa amejifungua na analala chini na kichanga. Alikuwa mmoja wa wale waliocheka kwenye bomba. Mbao za libuyu Elia alizichukua kwake azitunze. Mama, katika vitu vyote vya mumewe, alichukua makopo matatu ya misumari iliyopinda, akasema atanyoosha mvua zikianza. Mbao zilizoliwa tuliziburuta uani tukazichoma, na juu ya moto ule wanawake wa msikiti wakaweka sufuria za pilau. Niliutazama moshi wa mbao za baba ukienda upande wa ziwa. Nilingoja moyo upasuke, nikasikia njaa. Nilikula sahani nzima, nikaomba nyingine, na Bibi Zaituna akanipakulia, nikaona mdomo wake unavyotaka kucheka.

Mchana, nyumba ikiwa tupu, ilibaki meza. Wanaume wanane waliiinua, wakaifikisha mlangoni, wakairudisha. Waliigeuza ubavu, wakaigeuza kichwa chini. Haikupita, kwa sababu haikutengenezwa ipite. Ilibidi kukatwa au kuachwa. Watu wote wakaniangalia mimi.

"Tutabomoa ukuta," alisema Bibi Zaituna. "Ukuta unajengwa tena. Iko matofali."

Alimaanisha. Ningesema ndiyo, wangeleta nyundo. Niliangalia ule ukuta uliokuwa na makovu ya mchwa niliyoyasababisha, nikaona nyumba hii imetuvumilia vya kutosha.

"Hapana, Bibi. Tutaikata."

Fundi Elia alikuwa na msumeno mrefu wa watu wawili, ule wa kupasulia magogo. Nilishika mpini mmoja. Elia alinyoosha mkono kushika wa pili, na Bibi Zaituna akamtangulia. Alikwisha funga mtandio kiunoni.

"Fundi, pumzika. Meza iko kwenye nyumba yangu."

Nilimweleza. Msumeno wa namna ile hausukumwi. Kila mtu anavuta upande wake tu. Ukishavuta unalegeza mkono, unamwachia mwenzako avute. Ukisukuma, bati la msumeno linapinda na kukwama. Alisikiliza vizuri. Tukaanza. Tulikwenda kidole kimoja, msumeno ukakwama. Tukautoa, tukaanza tena, ukakwama tena. Wanawake wa kwaya walianza kutoa mashauri. Bibi alisimama, jasho kwenye paji la uso, akanitazama.

"Umeniambia nisisukume," alisema, "na weye uko unasukuma."

Ilikuwa kweli. Mkono wangu ulikuwa unakwenda naye mpaka upande wake, haumwamini kwamba atavuta. Nilivuta. Nikalegeza. Msumeno ukaondoka kwangu, ukaenda kwake wenyewe, na kabla sijawa na wasiwasi ukarudi. Tuliikata meza ya baba kwa muda usiozidi saa moja, tukipumzika mara tatu. Unga wa mbao ulikuwa mwekundu na ulinukia kama siku ilipotengenezwa. Iliposhuka vipande viwili, mama alikaa juu ya kipande kimoja akalia, na mimi nikakaa kando yake nikalia, na hakuna aliyetuharakisha. Kipande chenye jiliwa, kile chuma cha kubania mbao, kilikwenda kwenye atelie ya Elia, ambako alikuwa amenitengea pembe tangu siku aliyokuja na mkokoteni mara ya kwanza. Hakuwa ameniambia, kwa sababu sikumpa nafasi. Kipande cha pili Bibi alikiomba kwa ajili ya jiko lake.

Kiangazi chote tulifanya paa, mimi na Elia, boriti kwa boriti. Ilikuwa kazi yangu ya kwanza kubwa na niliifanya vizuri. Nasema hivyo bila aibu. Katika miezi hiyo mimi nililala stoo, na Bibi Zaituna alilala chumba chake kikubwa, na mchana tulikula sahani moja. Siku moja nikiwa juu nilimwona ameketi uani na lile sanduku, amelifungua, anakunja kanzu za mumewe na kuziweka mafungu mawili. Aliniita nishuke nimshikie upande wa pili wa shuka alilotaka kufungia. Nilishuka. Mvua zilipokaribia nilipata chumba cha kupanga karibu na soko, nikamwekea funguo tatu mkononi kama zilivyowekwa mkononi mwa baba, na nikasema maneno ambayo baba angependa kuyasema mwenyewe, kwamba amana imerudi, ila paa ni jipya. Akasema paa jipya hakuliagiza lakini atalipokea.

Hayo yote yalinipitia nikiwa na sufuria ile mikononi. Niliisuuza kwa maji, nikaipindua ikauke, nikatoka nje. Rukia aliinuka aliponiona. Macho yake yalikuwa mekundu, na alikuwa ameshika daftari ambalo ameandika vyumba na wiki: chumba cha mama wiki ya kwanza, sebule wiki ya pili, stoo ya tatu, na chini ya kila wiki jina moja, lake.

"Yaya, tungependa utushauri tu," alisema. "Nitafanya taratibu, minye mwenyewe. Mwajuma anarudi kazini. Sitaki kusumbua watu, wamechoka na matanga."

Nilimwambia afunge daftari. Nilikuwa nimeshamtuma mtu msikitini asubuhi ile, na kwa simu nilikuwa nimeongea na kwaya ya Mutarule, na mafundi wangu wanne walijua kwamba Jumamosi atelie haifunguliwi.

"Watu wameshaambiwa, Rukia," nikasema. "Tunaanza saa moja asubuhi. Weye ulale vizuri tu."